Kabla ya Kununua Mche, Uliza Ukoo Wake

Kwetu Nakuru mtu akimaliza kujenga, shilingi zilizobaki huishia kwenye lango na maua. Mboga huja mwisho, kwenye kipande kilichosalia nyuma ya jikoni, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Maua huchaguliwa kwa macho: mwenye nyumba anasimama kwa wauza miche kando ya barabara kuu, anaonyesha kwa kidole, anapakiwa kwenye buti, anaondoka. Mbegu za mboga nazo huchaguliwa kwa picha ya paketi. Ni nadra kumwona mtu akivifikiria viwili hivyo kwa pamoja, ilhali vitaishi kwenye ploti moja ya futi 50 kwa 100, vinywe maji ya bomba moja, vigawane upepo, kivuli na wadudu.

Halafu nyanya zinajikunja majani, na lawama zote zinamwendea mwenye agroveti.

Wazee wetu, kijana alipoleta habari za mchumba, hawakuanza na sura. Waliuliza ni wa ukoo gani, kwao ni wapi, na kwao kuna maradhi gani. Maswali hayo matatu ndiyo ninayoyabeba nikienda kununua chochote cha kupanda, kiwe cha kuingia sufuriani au cha kupamba lango. Sura nitaitazama baadaye, na mara nyingi hainidanganyi tena.

Swali la kwao ni wapi ndilo jepesi, kwa hiyo nilimalize mapema. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, pale kando ya ziwa, ni kama mita 1,130. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kwa hiyo kati ya miji hii miwili, ambayo matatu huiunganisha kwa saa chache, kuna tofauti ya nyuzi nne au zaidi. Mwezi wa Julai usiku, mmea unaijua tofauti hiyo kuliko unavyoijua wewe uliyejifunika blanketi. Mvua nayo haigawanywi sawa: Nakuru hupata chini kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, Kakamega hupata karibu mara mbili ya hiyo. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi, maji hupita upesi. Ukishuka nyanda za Kano, karibu na Kisumu, unakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, unaoshika maji hadi mizizi ikaoza, na kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono.

Mama mkwe wangu anaishi Vihiga, na kila tukienda hatutoki mikono mitupu. Hutufungia mbegu kwenye vipande vya gazeti: saget (mgagani), mitoo, mrenda, kunde za kuchuma majani. Mwaka mmoja nikampigia simu katikati ya Julai kumwambia saget yake imekaa tu, haikui, ina majani ya kuhesabika. Akacheka. "Mwanangu, hiyo inalia baridi. Ingoje jua." Alikuwa sawa. Saget na terere (mchicha) ni mimea inayolitumia jua kali kwa namna ile ile ya mahindi na mtama. Ikikosa joto inasimama. Kwetu nimezipa miezi yenye jua, na ile ya baridi nimeiachia sukuma wiki, kanzira na kabichi, ambazo baridi kidogo hailikati jani lake.

Hata karakara, pasheni tunayoinunua sokoni, ina kwao. Ile ya zambarau hupenda nyanda za juu, ile ya manjano hustahimili joto la chini. Ukinunua ya zambarau uipande kwenye fensi ya Kisumu, utapata mti wa kuhurumia. Na rozmeri, ambayo Nakuru hukua bila kubembelezwa kwa sababu udongo wetu hautuamishi maji, kwenye udongo mweusi wa Kano itakufa miguu ikiwa imelowa, isipokuwa uiinulie tuta. Kinyume chake ni iksora. Kisumu inafumuka maua mekundu mwaka mzima. Kwetu, kwa baridi na udongo usio na asidi ya kutosha, majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Muuza miche atakuambia ni kukosa mbolea. Ni kukosa kwao.

Sasa ukoo.

Nyanya, viazi, pilipili, hoho, biringanya na managu (mnavu) ni ndugu wa tumbo moja. Hili wakulima wengi wanalijua nusu: wanajua usipande viazi baada ya nyanya, lakini managu wanaihesabu kama mboga ya kienyeji tu, isiyo na jamaa wala lawama. Basi unamkuta mtu amevuna nyanya, ameng'oa, na kwa kupumzisha udongo akapanda managu. Hajapumzisha kitu. Blaiti, ule ugonjwa unaounguza majani wakati wa ukungu na manyunyu, huipata managu pia. Mnyauko wa bakteria huipata. Tuta absoluta, yule nondo ambaye buu wake huchora mifereji ndani ya jani la nyanya na ambaye aliripotiwa Kenya mwaka 2014, hula managu asipopata nyanya. Umemlinda mgeni wako kati ya msimu na msimu.

Na ukoo huo haukomei kwenye mboga. Ile brugmansia ambayo watu huipanda karibu na dirisha la chumba cha kulala, yenye maua makubwa meupe au ya rangi ya pichi yanayoning'inia na kunukia usiku, ni wa ukoo wa nyanya. Brunfelsia, kichaka kinachofungua ua la zambarau likafifia hadi jeupe kwa siku chache, pia ni wa huko. Petunia za kwenye vyungu, vivyo hivyo. Mtu ana vichaka viwili vya jamaa hawa mbele ya nyumba, mwaka mzima viko kijani, nzi weupe na utitiri wanajilia humo. Nyuma ya nyumba ananyunyizia nyanya dawa kila wiki. Sisemi ung'oe brugmansia. Nasema usiipande hatua nne kutoka kwenye nyanya, na kama ploti ni ndogo kiasi kwamba kila kitu kiko hatua nne, chagua kimoja.

Ukoo wa haibiskasi una mambo yake. Haibiskasi, bamia, pamba na hata mrenda ni jamaa. Vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe kwenye vikonyo, hupenda sana haibiskasi, na kutoka hapo safari ya kwenda kwenye bamia ni fupi. Kisumu na Homa Bay, ambako bamia na mrenda, au apoth kama wanavyoiita wenyeji, humea bila taabu, mimi ningeiweka haibiskasi mbali langoni na kuipogoa kwa ukali mara kwa mara. Nakuru naipanda bila wasiwasi, maana bamia kwetu haipati joto la kutosha na mrenda naupanda kidogo sana, wa kuonja.

Koo nyingine nizipitie upesi. Sukuma wiki, kabichi na kanzira ni nyumba moja, na saget ni jirani wa karibu wa nyumba hiyo. Ndiyo maana mdudu mmoja mwenye madoa meusi na ya rangi ya chungwa utamkuta kwa wote. Terere, biti na ile tunayoiita spinachi, ambayo paketi yake imeandikwa Fordhook Giant, ni wa ukoo mwingine kabisa, kwa hiyo ndiyo inayofaa kuingia mahali sukuma ilipotoka. Kunde na mitoo ni wa jamii ya maharagwe, wanaurudishia udongo nitrojeni. Ukishajua hizo koo nne au tano, mzunguko wa bustani unajipanga wenyewe na huhitaji daftari.

Rozmeri, lavenda na plumbago ya samawati, kwa upande wao, hawana undugu na mboga yoyote ninayopika. Ndiyo sababu nimevipa nafasi karibu na mboga kuliko vichaka vingine. Nyuki wanavipenda, na plumbago huvumilia kupogolewa hadi kufikia goti.

Swali la tatu, la maradhi, wengi hudhani ni la mmea kuugua. Mimi naligawa mara mbili: mmea huu unaugua nini, na mmea huu unamwuguza nani?

Kwa nyanya, maradhi ya kwetu na ya ziwani si mamoja. Nakuru mwenye nyanya huogopa blaiti kuanzia Aprili, mvua inaposhika. Kisumu na sehemu za chini za Magharibi, adui mkubwa ni mnyauko wa bakteria, unaopenda joto na udongo uliolowa. Mmea unalala ukiwa kijani, mchana wa jua, na haunyanyuki. Kuna kipimo rahisi ambacho kila mtu anaweza kukifanya jikoni: kata shina karibu na mzizi, liweke ndani ya gilasi ya maji safi bila kulitikisa, subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe za maziwa zikishuka majini, ni bakteria. Hapo acha kununua dawa ya ukungu, haitibu. Ng'oa mmea na udongo wake, na mahali hapo usirudishe nyanya, hoho, viazi wala managu kwa miaka kadhaa. Mwenye hamu ya nyanya apande kwenye mifuko yenye udongo kutoka kwingine.

Kuhusu kumwuguza nani, hapa ndipo vichaka vya mapambo vinapostahili maswali magumu zaidi kuliko mboga. Brugmansia ina sumu, mbegu na maua. Thevetia, ile ya maua ya manjano na tunda gumu lenye pembe, ambayo imezungushiwa maboma mengi huku Magharibi kwa sababu mbuzi haigusi, ina sumu ya moyo, na mbuzi ana akili kuliko mtoto wa miaka miwili. Duranta, ambayo sasa iko kila kituo cha mafuta na kila mzunguko wa barabara, ina vitunda vya manjano vinavyovutia sana kuokotwa, navyo havifai kuliwa. Mnyaa, ojuok kwa Dholuo, ni uzio wa kale na wa heshima, lakini utomvu wake ukiruka jichoni ni safari ya hospitali. Mwenye watoto wadogo au wajukuu wanaokuja likizo achague kwa kuzingatia urefu wa mtoto: kilicho chini ya kiuno chako kiwe salama kuliwa.

Kuna pia maradhi ya nchi. Lantana ililetwa kama ua la bustani. Ukitazama maua yake, waridi na manjano kwenye kichwa kimoja, unaelewa ni kwa nini. Ndege wakabeba mbegu, na leo ni magugu ya malisho, ng'ombe akiila inamdhuru. Kule Alego, Siaya, ambako malale yalizuka mwaka 1964, vichaka vya lantana karibu na nyumba vilikuwa makao ya mbung'o. Na gugumaji lililoziba ghuba ya Kisumu tangu miaka ya 1990, lile linalozuia mitumbwi kutoka, lilisafirishwa duniani kutoka Amerika Kusini kwa sababu ya ua lake la zambarau. Watu walilitaka kwenye vidimbwi vya mapambo. Kwa hiyo muuza miche akikuambia kwa fahari kwamba kichaka fulani hakifi, kinamea popote, na hakihitaji maji, mwulize kinaenezwaje. Kama jibu ni ndege, mimi nakirudisha.

Alizeti pori, tithonia, naiweka katikati. Ni mgeni kutoka Meksiko, iko kando ya kila barabara kuanzia Kapsabet hadi Busia, na inajisambaza. Lakini watafiti waliofanya kazi Maseno walipima majani yake wakakuta nitrojeni ya karibu asilimia 3.5 kwa uzito mkavu, pamoja na fosforasi na potasiamu ya kutosha kuifanya mbolea ya kijani. Mama mkwe hakuhitaji kipimo. Yeye huikata mafungu, huitandaza kati ya mistari ya sukuma, na baada ya siku chache imeoza. Mimi nina shina moja nyuma ya choo cha nje. Naikata kabla haijatoa mbegu, bila huruma.

Kuna jambo la jua ambalo vitabu vingi vya bustani, vilivyoandikwa Ulaya, hulieleza kwa namna isiyotufaa. Wao husisitiza upande wa kusini, kwa sababu kwao jua hukaa kusini mwaka mzima. Sisi mstari wa ikweta unapita Maseno, wana hadi kibao cha kupigia picha. Kwetu jua la mchana liko kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, kwa hiyo ua wa kaskazini na ua wa kusini hupokezana kutoa kivuli, na hakuna unaokaa gizani mwaka mzima. Pande zenye uzito ni mashariki na magharibi. Upande wa mashariki wa mboga zangu hakuna kichaka kinachopita kiuno. Jua la asubuhi ndilo linalokausha umande, na jani lililokauka mapema halishikwi upesi na blaiti. Mtu aliyepanda saipresi mashariki mwa nyanya zake Nakuru amewawekea ugonjwa pazia. Tena saipresi ni mlafi wa maji, na tangu vidukari vyake vilipoingia nchini mwaka 1990 ua mzima unaweza kukauka vipande vipande na kuachwa hivyo, kahawia, kwa miaka.

Kisumu ningefanya kinyume. Adui ni jua la saa tisa. Upande wa magharibi ningeweka kitu kirefu: bogenvilia iliyopandishwa kwenye waya, au mbaazi mistari miwili. Bogenvilia, kwa njia, hutaka njaa. Ukiimwagilia na kuitia samadi inakupa majani. Ukiisahau kiangazi ndipo inapowaka. Usiiweke basi mahali ambapo maji ya kitalu cha mboga yanaishia. Na mbaazi ni kichaka kizuri kuliko kinavyosifiwa: maua ya manjano yenye mistari mekundu, maganda ya kula, kuni, na mizizi inayoulisha udongo. Sijui ni nani aliyeamua kwamba mbaazi ni ya shamba na duranta ni ya lango.

Nikifika hapo huwa naulizwa kama inawezekana mapambo na mboga kuwa kitu kimoja. Nderema ndiyo jibu langu. Ni mboga ya watu wa Magharibi inayopanda juu ya waya, ina majani manene yanayong'aa, shina la kijani au jekundu, na vitunda vya zambarau iliyokolea. Ile ya shina jekundu ukiipandisha kwenye tao la lango, wageni watakuuliza umenunua wapi ua hilo. Hukua kwa kipande cha shina kilichochomekwa ardhini, haihitaji kulimwa kila msimu, na ukiichuma ndivyo inavyotawanyika. Nakuru hujikokota miezi ya baridi kisha huamka Oktoba. Ukiongeza terere yenye majani mekundu, mstari wa rozmeri, na hoho za aina ya California Wonder zikikomaa nyekundu, una bustani ya mbele ambayo hakuna jirani atakayeijua kuwa ni ya kupika.

Hata pareto. Nakuru ndio mji ambao pareto ya nchi ilikuwa ikija kusindikwa, wakati Kenya ikiongoza dunia kwa zao hilo, na bado Molo kuna wanaolima. Ua lake jeupe lenye kitovu cha manjano linapendeza ukingoni mwa mboga, na usiku wetu wa baridi ndio unaolifanya litoe maua. Kisumu litakupa majani tu.

Kuhusu aina zenyewe kwenye paketi, nina maoni ambayo hayatamfurahisha kila mtu. Aina nyingi zinazosifiwa agroveti zimechaguliwa kwa ajili ya lori. Cal J ni nyanya nzuri, fupi, haihitaji kusimikiwa miti mirefu, na ngozi yake nene huvumilia kreti hadi Nairobi. Lakini wewe nyanya yako inasafiri kutoka nyuma ya jikoni hadi jikoni. Una haja gani ya ngozi nene? Money Maker ina ngozi laini, hupasuka ukichelewa kuichuma, sokoni haina bei, na kwa mchuzi na kachumbari mimi naipenda kuliko zote. Inapanda juu na huendelea kuzaa kwa muda mrefu, kwa hiyo mashina machache yaliyosimikwa vizuri yanatosha familia. Cal J huiva kwa pamoja. Kwa nyumba ya watu watano ni wiki tatu za kugawa majirani kisha ukame.

Kabichi hivyo hivyo. Gloria F1 hufunga kichwa kikubwa kinachomfaa mwenye hoteli. Copenhagen Market hufunga mapema na kichwa chake ni cha kula ndani ya siku mbili. Sukuma wiki, chagua kati ya Thousand Headed na ile ya Georgia yenye jani pana laini; Georgia huvumilia joto zaidi, naipendekeza kwa Kisumu. Vitunguu sitavizungumzia, ploti ndogo havilipi.

Managu ndiyo inayohitaji mazungumzo ya familia kabla ya kununua, maana kuna ya majani mapana na vitunda vyeusi, na kuna ya majani madogo na vitunda vya rangi ya chungwa. Ya majani mapana huchumwa kwa wingi na si chungu sana. Ndiyo iliyojaa masoko ya Nakuru. Ya majani madogo ni chungu, na kwa wapenzi wake uchungu ndio mboga yenyewe. Mume wangu amelelewa kwa ya pili, iliyolazwa kwenye maziwa usiku kucha. Mitoo nayo ina ndugu wawili, mmoja mchungu wenye majani ya kijani kinachoelekea samawati, mwingine mpole wenye majani ya kijani kibichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga hizi na kuonyesha kwamba zinastahili nafasi ambayo tuliziondolea, na mtu akienda soko la Kibuye, Kisumu, leo ataona mafungu ya osuga, apoth na akeyo, yaani managu, mrenda na saget, yakigombewa mapema asubuhi. Uliza nyumbani kwanza nani anakula nini. Nimeona bustani nzuri za managu zikizeeka bila kuchumwa kwa sababu tu mnunuzi wa mbegu na mlaji wa mboga hawakuongea.

Ukinunua F1, yaani mbegu chotara, jua kwamba unanunua kila msimu. Mbegu utakayoikamua kwenye tunda lake haitazaa mfano wa mama. Paketi ikiwa na kibandiko cha kukwangua cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea na mbegu, kwangua na utume namba kwa 1393 kabla ya kutoka dukani, muuzaji akinuna mwache anune. Aina zisizo F1, na mboga zote za kienyeji, unaweza kujiwekea mwenyewe. Kwa miaka mingi kugawiana mbegu zisizoidhinishwa kulikuwa na kivuli cha sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2012, yenye faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka miwili, hata kama hakuna aliyewahi kumfuata mama mkwe na vipande vyake vya gazeti. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba.

Kwa hiyo weka mbegu. Managu, chuma vitunda vilivyoiva kabisa, viponde kwenye maji, viache vichachuke usiku mmoja au mbili, osha, kausha kivulini juu ya karatasi. Terere, kata kichwa kizima kikianza kudondosha, kikung'ute kwenye karai. Saget ndiyo yenye hila. Maganda yake hupasuka yenyewe, kwa hiyo yachume yakiwa ya manjano, kabla hayajakauka, uyaanike ndani ya kitambaa. Kisha usizipande mara moja. Mbegu mpya za saget huwa zimelala, na mtu anayezitia ardhini mwezi ule ule aliozivuna atangoja bure na kuapa kwamba amepewa mbegu mbovu. Ziandikie mwezi kwenye karatasi, uziweke pakavu, na uzirudie baada ya miezi mitano au sita.